Aliyekuita Geti

Ombeni mwanangu,

Ya blanketi, dawa na namna ya kukaa na wenzako bwenini mama yako amekwisha kuyasema, na kwa kuwa anayasema tangu Jumatatu, mimi sina la kuongeza. Leo nimefunga karakana mchana. Vijana nimewaambia warudi kesho kutwa. Nimekaa kwenye benchi la wateja na daftari la kuandikia vipimo vya milango, na nimechana kurasa za nyuma ili nikuandikie. Mkono wangu umezoea chaki ya kuchorea chuma kuliko kalamu, kwa hiyo penye maandishi mabaya vumilia.

Nimechoka, mwanangu. Uchovu wa kazi naujua, nikioga na kulala unapungua. Huu ni wa kubeba neno moja miezi yote hii. Nimejaribu kukuambia mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa tunapakia mahindi kwenda mashineni, nikafungua kinywa, nikasema mvua mwaka huu zimechelewa. Mara ya pili ulikuwa nje unafua raba zako. Nikasimama nyuma yako mpaka ukageuka ukaniuliza, "Vipi baba?" Nikakuuliza kama umeiona spana namba kumi na tatu. Spana ilikuwa mfukoni mwangu.

Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma, na mama yako amenipa mpaka kesho asubuhi. Kwa nini amenipa muda, utaelewa mbele.

Unakumbuka siku mwalimu Festo wa timu ya kikapu alipokuchagua. Yule kaka aliyekuwa anaichezesha timu alikuwa amepata kazi Mbeya, na Makambako nzima ilikuwa inajiuliza nani atashika mpira. Ulikuja karakana unakimbia, umesahau hata kunisalimia. "Baba, mwalimu kasema nitaanza mimi." Nilizima mashine, nikainua kioo cha kuchomelea usoni, nikacheka kama mtoto. Siku zile kila mteja aliyekuja kuchukua dirisha lake aliondoka na habari zako. Dereva wa lori la mbao aliyeshuka kuchomelea bampa nilimwambia asiondoke Jumamosi, abaki amwone mwanangu. Nilikutangaza kuliko ulivyojitangaza mwenyewe. Kwa hiyo mambo yalipokwenda vibaya niliona aibu ni yangu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Maana yalikwenda vibaya. Sitakudanganya kwa sababu unaondoka. Ulikuwa unakosa. Ulikosa karibu na ringi, ukakosa mbali, ukakosa hata mitupo ya adhabu ambayo hakuna anayekugusa. Wapinzani walijua mapema. Walikuwa wanakuachia nafasi ya kutosha kugeuza lori, wanakuambia tupa, nawe ukitupa mpira unagonga ubao na kurudi kwao. Na wenyewe wakishika mpira ulikuwa unasimama wima, mikono imelala, mtu anakupita kulia, na kabla hujageuka amekwisha kufunga. Watu walikuwa wanaondoka mezani kwao sokoni, wanasimama kwenye manyunyu na upepo ule wa kwetu, wanarudi nyumbani wamefungwa. Walikuwa na haki ya kuchoka. Hata mimi nilichoka. Kuna Jumamosi nilitamani mvua kubwa inyeshe mechi iahirishwe, nami ni baba yako.

Lakini niliona na mengine. Niliona mpira ule uliompa yule mrefu wenu, ulipotazama upande wa soko, mpira ukaenda upande wa kanisa, naye akaukuta mkononi kama aliagizwa. Hakuna aliyepiga makofi, maana baada ya hapo ulikosa mara tatu mfululizo. Nami sikukuambia kwamba nimeuona. Nilikuja nyumbani nikakuambia, "Kiwiko chako kinafunguka." Ndicho nilichokuambia, basi.

Jumatatu yake Baba Rehema alikuja karakana. Unamjua, yule mfanyabiashara wa mbao ambaye hakosi mechi na sauti yake inasikika mpaka relini. Nilikuwa namtengenezea geti la nyumba yake mpya, lilikuwa limelala chini katikati ya karakana, na walikuwepo wanaume wengine wanne au watano, wengine na kazi, wengine wamekuja kuota moto wa mazungumzo tu. Baba Rehema akasema, "Fundi, hivi mwanao ana tatizo gani? Kutupa hawezi, kuzuia hawezi. Kila mtu anampita yeye."

Wote wakanitazama. Nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kusema, ana miaka kumi na tisa, mpeni muda. Ningeweza kusema, toka na geti lako. Nikasema hivi, Ombeni, na nayaandika kama nilivyoyasema:

"Msimlaumu bure. Yule ni geti nililotengeneza mwenyewe, nikasahau kuweka komeo."

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya ringi ya tairi. Baba Rehema alinipiga bega, akasema, "Fundi bwana!" Nami nilijisikia mwepesi. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli. Kwa nusu saa ile nilikuwa mmoja wao, sikuwa tena baba wa yule anayekosa.

Ndiyo. Ni mimi.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini, nikatoka nje kutazama malori yanavyokata kona kwenda Songea, nikarudi. Naendelea.

Mechi iliyofuata nilidhani wamesahau. Robo ya kwanza haijaisha, yule wa jezi ya bluu akakupita, nikasikia sauti ya Baba Rehema, "Geti!" Watu wakacheka. Akakupita tena, wakawa watu kumi, "Geti! Geti!" Baadaye hata akina mama wanaouza parachichi nje ya uzio walikuwa wanaimba, "Geti liko wazi, piteni!" Wewe mwanzoni hukuelewa. Ulitazama nyuma kama kuna kitu kimetokea barabarani. Halafu nikaona ulipoelewa. Uso wako haukubadilika sana, mabega ndiyo yalishuka kidogo, basi. Ukanitafuta kwa macho kule ninakosimama siku zote. Nami nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa makubazi.

Jioni yake mama yako, ambaye alikuwa amepita uwanjani akitoka sokoni, aliuliza mezani, "Nani aliyempa mtoto jina lile?" Wewe ulikuwa unakula. Nikajibu, "Vijana wa mjini tu, hawana adabu." Nikaomba niongezewe mboga.

Umewahi kujiuliza kwa nini baba yako kila kitu anakigeuza kichekesho? Watu wa hapa wananipenda kwa hilo. Fundi mcheshi. Nataka nikuambie nililipata wapi, si kwa kujitetea.

Nilipokwenda Njombe kujifunza kuchomelea nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa. Fundi aliyenichukua alikuwa anajua kazi, lakini alikuwa na tabia moja. Nikichomelea vibaya, aliwaita wateja waje watazame. "Njooni muone nyoka wa chuma," anasema, na kweli mshono wangu ulikuwa umepinda kama nyoka. Watu wanacheka. Mwezi wa pili au wa tatu nikagundua kwamba nikiwahi mimi kuwaita, nikisema mwenyewe njooni muone nyoka wangu, haiumi. Kicheko kinakuwa changu. Nikawa hodari wa kuwahi. Nilikuwa hodari wa kuwahi kabla sijawa hodari wa kuchomelea.

Sasa babu yako akaja kunitembelea. Alitoka kijijini, upande ule wa Kidugala, amevaa mabuti ya mpira yenye tope na koti la marehemu kaka yake, amebeba kiroba cha viazi begani kwa ajili yangu. Alisimama mlangoni mwa karakana akatusalimia kwa kilugha cha kwetu, "Kamwene." Wenzangu wakatazamana. Niliona kicheko kinakuja, kiko njiani, nami nikawahi. Nikasema, "Jamani, lori la viazi limefika, nani anashusha?" Wakacheka sana.

Babu yako alishusha kiroba mwenyewe. Akakiweka ukutani vizuri kisianguke. Nikamwambia, "Baba, subiri unywe chai." Akasema, "Nimeleta viazi tu. Nawahi gari." Hakuwa na gari la kuwahi, alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, ulimjua, alikubeba mgongoni. Hakulitaja jambo lile hata siku moja. Nami sikulitaja, nikingoja siku nzuri. Tulimzika sijalitaja.

Kwa hiyo mimi si mtu aliyekosea mara moja kwa bahati mbaya. Nilijua kabisa jambo hili linavyokuwa, nikalifanya tena kwako.

Kuna asubuhi moja, baada ya jina kuenea, nilipita uwanjani nikienda kufungua karakana. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Ulikuwa peke yako unatupa kwenye ile ringi niliyoichomelea mimi mwenyewe wakati uwanja unajengwa. Unatupa, unakosa, mpira unakimbilia kwenye uzio, unaufuata, unarudi, unatupa. Muda mwingi ulikuwa unautumia kuufuata mpira. Angekuwepo mtu chini ya ringi wa kukurudishia, ungetupa mara tatu zaidi na usingechoka vile. Mimi nilisimama kando ya ukuta mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, halafu nikaenda kazini. Niliona nikiingia utanisoma usoni. Unajua Kiswahili cha kitabuni kina maneno mengi ya namna hii ya woga. Sisi wa hapa tunasema tu mtu kakimbia.

Halafu Njombe.

Nilikuwa nimeazima pikapu kwenda kuchukua mabomba ya chuma, nikasema nitapitia mechini. Baridi ya siku ile unaijua. Mashabiki wetu walikuja na basi la Kosta, wamejifunika mablanketi, na jina walikuja nalo. Kufikia robo ya pili wenyeji wa Njombe nao walikuwa wamelidaka. Uwanja mzima, wetu na wao, wanaimba neno nililolisema mimi juu ya geti la mtu. Nilikuwa nyuma kidogo ya benchi lenu, nikasikia ulipomwendea mwalimu Festo wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, nitoe."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nitoe tu."

Mwalimu akakushika jezi kifuani, akasema polepole, "Wewe unawaona watu walipo kabla hawajafika. Kutupa nitakufundisha. Hilo la kuona siwezi kumfundisha mtu. Rudi."

Ulirudi. Na katika robo ya nne, tumebakiza pointi mbili kuwafikia, ukamnyang'anya mtu mpira, wewe ambaye huzuii, ukakimbia peke yako mpaka chini ya ringi. Hakuna mtu mbele, hakuna mtu kando. Ni wewe na chuma. Ukasimama. Ukageuka ukatafuta mwenzako wa kumpa, ukautupa nyuma, mpira ukatoka nje ya mstari. Nimesikia watu wakiguna kwa hasira mara nyingi msimu ule. Mguno wa siku ile sijawahi kuusikia kwingine. Baba Rehema alivua kofia akaitupa chini. Mimi nilijua kilichotokea. Hukuogopa kukosa, ulikwisha kuzoea kukosa. Uliogopa lile neno.

Tulifungwa. Hukutaka kupanda Kosta, ukapanda nami kwenye pikapu. Tulitoka Njombe ukungu umefunika mashamba ya chai, mabomba yanagongana nyuma, mpaka tukaanza kuona miti ya miwati. Halafu ukasema, bila kunitazama:

"Baba, mtu aliyeanzisha lile jina hanijui. Angekuwa ananijua, angetafuta jina lingine."

Nilibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Nikasema, "Achana nao." Ukajibu, "Ndiyo, baba." Ukaegemea kioo ukajifanya umelala mpaka Makambako. Kati ya yote, nafasi ile ndiyo ninayoirudia. Tulikuwa wawili, barabara ilikuwa tupu, na ulikuwa umeniuliza bila kuniuliza.

Mazoezini hukurudi. Mwalimu Festo alikuja nyumbani mara mbili, ukamwambia unajiandaa na chuo, na kweli ulikuwa unajiandaa. Watu wakapata mambo mengine ya kukasirikia. Ningeweza kunyamaza na ingepita. Lakini wiki tatu zilizopita mama yako aliniletea chakula karakana, akamkuta Baba Rehema. Si mtu mbaya yule. Alisimama, akamwamkia, akasema, "Mama Ombeni, nasikia kijana anakwenda chuo. Mwambie asituwekee kinyongo. Tulikuwa tunaumia na matokeo, ni mpira tu." Mama yako akamjibu kwamba kupoteza mechi anaelewa, lakini kumwimbia mtoto wa mtu jina la dharau uwanja mzima, hilo halielewi. Na Baba Rehema akacheka, hakujua anachokifanya, akasema, "Hilo jina si letu, mama. Hilo alitupa fundi mwenyewe. Muulize."

Mama yako hakuniuliza. Aliweka bakuli juu ya meza ya kazi, akaondoa vumbi la chuma kwa upindo wa kitenge ili mahali pawe safi, akaondoka. Siku ya tatu, tunapalilia viazi nyuma ya nyumba, akasema bila kuinuka, "Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nikasema, "Nitamwambia."

"Kabla hajaondoka, Baba Ombeni. Asije akalisikia akiwa mbali, kwa mdomo wa mtu mwingine."

Kwa hiyo usidhani nimekuandikia kwa ushujaa. Nimebanwa na mama yako, na barua nimeichagua kwa sababu uso kwa uso ningeweka kichekesho. Najijua.

Ulikosea kitu kimoja tu siku ile kwenye pikapu. Mtu aliyeanzisha jina anakujua. Alikuwepo ulipozaliwa, alikufundisha kushika kijiko na kuendesha baiskeli. Anajua unatoa ulimi kidogo pembeni ukifikiri, na kwamba hukuwahi kumcheka mtu mwenye shida hata ulipokuwa mdogo na wenzako wote wanacheka. Alikujua vizuri kabisa, akakuuza kwa kicheko cha nusu saa. Ni afadhali ujue hivyo kuliko uende na ile hesabu ya kwamba waliokuumiza ni wasiokujua, maana utaishi ukiwaogopa wageni, na wageni hawana kosa.

Mama yako ananiambia raba umeziacha chini ya kitanda. Sikuombi uzibebe. Huenda kikapu kilikuwa cha msimu mmoja tu kwako, na huko unakokwenda kusomea kupima ardhi utakuwa na mambo mengine. Wala sijui kama ungekuja kutupa vizuri. Huenda usingeweza, wapo watu wengi wema wasioweza kutupa. Ninachojua ni kwamba siku ile chini ya ringi hukuwa peke yako kama ulivyofikiri. Nilikuwa nimekaa begani kwako, mzito kuliko uwanja wote, nami ndiye ningeweza kukuondolea uzito ule.

Leo asubuhi, kabla sijafunga, niliwaambia wale wanaume wa karakana. Baba Rehema alikuwepo. Nilisema lile neno lilikuwa langu na nilimkosea mwanangu, na kuanzia leo anayelitaka jina hilo aniite mimi. Mmoja akataka kucheka, akaona sicheki. Nikatafuta nyundo nisiyoihitaji. Sijui kama nimefanya vizuri. Nimechelewa, hilo najua.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi. Babu yako hakuwahi kuambiwa, kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kunikasirikia, na hilo nadhani nilimnyang'anya pia. Wewe uipate. Ukitaka kukasirika mwezi, kasirika mwezi. Ukitaka kumpigia simu mama yako tu, mimi nitakaa karibu nisikie sauti.

Mama yako amepita hapa sasa hivi, ameona kurasa. Nimemwambia labda nitaiweka kwenye begi lako, katikati ya nguo, utaikuta ukifika. Akasema, "Hapana. Mkononi."

Ana haki. Kesho stendi, kabla hujapanda, nitakupa mkononi. Gari likipiga honi nitamwomba dereva angoje kidogo. Nami sitakwenda kununua maji wala kuangalia mizigo. Nitasimama pale mbele yako mpaka umalize kusoma, uniangalie.

Baba yako